Afande na Vikapu vya Jumamosi

Maneno ya kwanza aliyoniambia yalikuwa "Simama hapo," nami nikasimama. Nilikuwa sijamaliza mwezi Kampala. Nilikuwa na beseni la maganda ya matooke, zile ndizi za kupika, kiunoni, naelekea kuyamwaga kwenye mtaro chini ya nyumba tuliyopanga Kisugu, kama nilivyowaona majirani wote wakifanya. Nilipogeuka nilimwona mwanamke mrefu, mpana wa mabega, amevaa buti za mpira na mtandio wa rangi ya chungwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, kiganja kimenielekea.

"Hiyo maganda unapeleka wapi?"

"Kumwaga, mama."

"Kumwaga." Alilirudia neno taratibu, kama mtu anayeandika maelezo ya mshtakiwa. "Na mvua ikinyesha, hiyo maganda nakwenda wapi?"

Akasogea, akatumbukiza mkono ndani ya beseni, akayageuza maganda, akachomoa kipande cha mfuko wa plastiki na kukitia mfukoni mwake.

"Hii mbaya. Ile ingine yote nzuri. Fuata mimi."

Nikamfuata. Mpaka leo sijui kwa nini sikumuuliza yeye ni nani. Tulishuka bondeni, tukapita nyuma ya kibanda cha fundi redio, tukatokea mahali ambapo sikutarajia kukuta kitu chochote isipokuwa matope. Palikuwa na nnakati na dodo, mboga za majani za Waganda, sukuma wiki, vitunguu vya majani na maboga yaliyotambaa hadi kwenye ukuta wa jirani. Kwenye kona ya juu kabisa, chini ya mabati makuukuu, palikuwa na lundo la mboji refu kuliko mimi. Akanionyesha kwa kidole. Nikamwaga maganda yangu pale, naye akatikisa kichwa kuonyesha kwamba kesi yangu imekwisha.

"Jumamosi kuja na kikapu," akasema.

Watu wote walimwita Afande, ingawa alikuwa amestaafu polisi wa barabarani kabla sijafika mjini. Alizaliwa wapi, wazazi wake walikuwa nani, alianzaje kulima, hayo siyajui. Nilijua kwamba ni Mnubi, kwamba Kiswahili chake alikipata nyumbani na kukinolea kambini, na kwamba akikasirika sana alihesabu kwa Kinubi hadi hasira ishuke. Zaidi ya hapo sikuuliza. Hakupenda maswali ambayo hakuyauliza yeye mwenyewe.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kuzoea. Tulikuwa nyumba thelathini hivi. Kila nyumba ilitoa mchango wake mwanzoni mwa msimu, kabla mbegu haijaingia ardhini. Kisha ilitoa asubuhi moja ya kazi kila wiki na maganda yote ya jikoni kwake. Jumamosi kila mtu alikuja na kikapu na kuchukua alichopewa. Shamba likitoa kwa wingi, tulibeba kwa wingi. Likitoa kidogo, tulibeba kidogo, na hakuna aliyeruhusiwa kunung'unika mbele ya mboga. Hayo ndiyo maneno yake hasa. Mtu akiwa na manung'uniko alitakiwa kutoka nje ya lango, anung'unike huko, kisha arudi kuchukua kikapu.

Ugumu wenyewe niliuelewa msimu wa maboga. Sijui mbegu zile zilitoka wapi, lakini maboga yalizaa kana kwamba yametumwa. Jumamosi ya kwanza tulifurahi. Ya tatu tukaanza kutazamana. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la kwenda Juba, alirudi baada ya wiki mbili akakuta boga kwenye uji, boga kwenye chapati, na majani ya boga kwenye karanga.

"Huyo Afande," akaniuliza, "ana ugomvi gani na mimi?"

Jumamosi iliyofuata nilijaribu kumwambia Afande kwa adabu kwamba nyumbani tumeshiba maboga. Aliniwekea mawili.

"Shamba ndiyo imeamua, Mkenya. Mimi na wewe natii."

Mkenya ndilo jina aliloniita siku zote, hata baada ya kunizoea. Fundi redio, Mganda mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alimwita Fundi. Ni mwanamke mmoja tu aliyeitwa kwa jina, Mama Furaha, Mkongo aliyeuza vitenge, na nadhani ni kwa sababu Afande alilipenda jina lenyewe. Mama Furaha ndiye aliyetuokoa na maboga. Alitufundisha kukausha vipande juani na kuvisaga, na hadi leo nina debe la unga wa boga kabatini.

Kazini alituongoza kama magari. Asubuhi yako ya kazi ikifika, ulimkuta amesimama katikati ya njia ya kati, mikono tayari. Mkono mmoja uliwaita wanaobeba maji, mwingine uliwazuia wanaobeba mboji, na ukipita kabla ya ishara ulirudishwa mwanzo. Kipenga hakuwa nacho. Alikirudisha serikalini siku aliyostaafu, pamoja na kofia na mkanda, na alisema kwamba mtu anayebaki na kipenga cha serikali anaweza kubaki na kitu kingine chochote. Kwa hiyo alipiga mluzi kwa vidole viwili, mluzi mkali uliowafanya hata mbwa wa jirani wakae chini.

Ungetegemea kwamba mtu wa namna hiyo atapanda mistari iliyonyooka. Matuta yake yalikuwa kama njia ya mlevi. Fundi alimletea kamba na vigingi mara mbili, naye mara mbili alizitumia kuanikia nguo. "Nimesimama barabarani miaka mingi," alimwambia. "Mstari nimeshaona yote."

Na mboga hakuzila. Hili lilinichukua mwaka mzima kuligundua, kwa sababu lilikuwa jambo lisiloingia akilini. Siku moja nilipita kwake mchana, nikamkuta anakula nyama ya kukaanga na chapati, peke yake, kwa utulivu mkubwa. Kando ya sahani palikuwa na fungu la nnakati lililoletwa na mpwa wake. Hakuligusa.

"Afande, na mboga?"

"Mboga ni ya watu," akasema. "Mimi ni ya nyama."

Nikacheka mpaka nikakaa. Yeye hakucheka, lakini alinikatia kipande cha chapati, na kwake hiyo ilikuwa ishara kubwa ya mapenzi.

Kuna jambo jingine nitalisema, kwa kuwa wote tuliokuwa pale tunalijua. Aliogopa kinyonga. Mwanamke huyu, ambaye nilisikia aliwahi kumvuta dereva mlevi kupitia dirishani, akiona kinyonga kwenye jani aliweka jembe chini, akarudi nyuma hatua kumi, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Fundi, kuja hapa, kuna mtu." Fundi alikuja, akamchukua yule mtu kwa kijiti, akampeleka ng'ambo ya ukuta. Hakuna aliyethubutu kutaniana juu ya jambo hilo. Nadhani tulimpenda zaidi kwa sababu yake.

Upole wake ulikuwa na sura ya ajabu. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, mume wangu alikuwa njiani Juba na lori limemharibikia. Nilikuwa peke yangu na mtoto wa miaka mitatu na mchanga asiyelala. Jumamosi ya kwanza nilisikia hodi, nikamkuta Afande mlangoni na kikapu changu. Alikiweka chini, akaomba kumwona mtoto. Nilipompa, alimshika kwa mikono miwili iliyonyooka, mbali na kifua chake, kama anawasilisha kielelezo mahakamani. Alimtazama kwa muda. "Iko sawa," akasema, akanirudishia.

Alikuja Jumamosi nane mfululizo. Moja kati ya hizo alinikuta nimekaa sakafuni nalia. Sikuwa na sababu maalumu. Nilikuwa nimechoka tu, na nepi zilikuwa zimejaa ndoo mbili. Alisimama mlangoni. Halafu akazichukua ndoo zote mbili, akatoka nje. Nilisikia maji. Nilipotoka baadaye nilikuta nepi zote zimeoshwa na kuanikwa, zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, pembe kwa pembe. Huko mistari yake ilinyooka.

"Sasa unaweza kulia," akaniambia, akijifuta mikono. "Kazi imeisha."

Sikuweza tena kulia. Nilikaa pale kwenye ngazi nikicheka, yeye akinitazama kwa mashaka.

Bonde la Kisugu linajaa maji. Kila aliyekaa huko anajua. Miaka yote ile mvua ilitugusa kidogo na kupita, lakini mwaka mmoja ilinyesha tangu alfajiri hadi mchana bila kupumua, na mfereji mkubwa ukavunja kingo. Maji yaliingia shambani yakiwa meusi, na kila kilichotupwa huko juu kikashuka nayo. Yalikaa siku mbili. Lundo la mboji tu, kwa kuwa lilikuwa kwenye kona ya juu, ndilo lililobaki kavu.

Kisha maji yakaondoka na jua likatoka, na jambo la kushangaza likatokea. Mboga zilisimama. Baada ya wiki moja zilikuwa za kijani kuliko nilivyowahi kuziona, nnakati majani mapana kama kiganja cha mtu mzima, dodo nene. Tulipita pale jioni kuzitazama na kupanga tutakachopika Jumamosi.

Ijumaa asubuhi nilishuka kwa zamu yangu nikamkuta Fundi amesimama langoni, miwani mkononi. Ndani, shamba lilikuwa uchi. Kila mche ulikuwa umeng'olewa na kutupwa kwenye shimo kubwa pembeni, na Afande alikuwa analifukia.

"Afande, umetufanyia nini?" Fundi aliuliza. Alikuwa mtu mpole, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Hii mboga ilikuwa mzima kabisa."

"Mzima kwa macho."

"Tungeosha."

"Maji ya choo ya watu wote wa kule juu imelala hapa siku mbili. Wewe utaosha na nini?"

"Ungetuuliza. Hii siyo yako peke yako, nnyabo, mama. Sisi pia tumelima. Ungetuuliza."

Afande aliendelea kurusha udongo kwa koleo. Fundi akavaa miwani yake akaondoka. Mimi nilibaki, lakini sitajisifu. Nilibaki kwa sababu sikujua la kusema, wala sikushika koleo.

Jumamosi hapakuwa na kikapu. Jumapili tulikutana mbele ya kibanda cha Fundi, karibu nyumba zote, wengine wamekaa kwenye madebe na wengine wamesimama. Kelele zilikuwa nyingi. Mmoja alisema amechanga kwa ajili ya msimu mzima na sasa hana hata jani. Mwingine alisema ardhi ile imeharibika na hakuna haja ya kujidanganya. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na mtoto mgongoni, na moyoni nilikuwa nimeshaamua kutoka. Sokoni mboga zilipatikana. Sikuhitaji kugombana na mtu kwa ajili ya nnakati.

Afande alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

Mwishowe Fundi alipanda juu ya sanduku. Waganda wengi wa rika lake walichanganya herufi r na l, naye hakuwahi kujisumbua nazo.

"Jamani, tusipoteze wakati," akasema. "Tupige kula."

Kutoka kando ikasikika sauti ya Afande, nzito, bila haraka.

"Ya kula hakuna, Fundi. Ndiyo shida."

Mama Furaha ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia kwa kitambaa, akashindwa, kicheko kikamtoka kama maji ya bomba. Halafu wengine, halafu mimi, halafu Fundi mwenyewe pale juu ya sanduku, akijishika tumbo. Tulicheka kwa muda mrefu kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Tulipotulia, Afande akaja katikati.

"Mimi nilipokea amri ya watu miaka mingi," akasema. "Hii moja nilijipa mwenyewe. Fundi amesema ukweli, ningeuliza kwanza. Niliogopa mtasema tuosha, na mimi nitakubali, kwa sababu nilikuwa nataka kukubali. Lakini siwezi kupatia mtoto wa mtu kitu ambayo mimi naogopa. Mwenye kutoka, atoke, hakuna ugomvi. Mwenye kubaki, mimi sijui tutalima wapi. Pale chini hapana. Pale imeisha."

Alipolisema neno la mwisho alitazama upande wa bonde, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu aliyezeeka.

Fundi alishuka kwenye sanduku. Alifuta miwani yake kwa ncha ya shati, akaikagua, akaifuta tena.

"Ssenga wangu ana kiwanja," akasema. "Kule juu, ng'ambo ya balabala. Ni majani tu na mawe. Mimi nasema nitamuuliza."

Ssenga ni shangazi, dada wa baba, na kwa Waganda neno lake ni zito. Ssenga wa Fundi alikubali siku hiyohiyo, kwa sharti moja, kwamba kikapu chake kiwe na bilinganya nyingi kuliko vya wengine. Kura ilipigwa baadaye kwa mikono. Nyumba nne zilitoka. Mimi niliinua mkono wa kubaki, na mtoto mgongoni akainua wake, nami nikauhesabu.

Kiwanja cha juu kilikuwa na mawe kweli, na udongo wake ulikuwa mwembamba. Tulichokuwa nacho ni lile lundo la mboji, maganda yetu ya miaka yote, meusi sasa, laini, yananukia msitu baada ya mvua. Tulikubaliana kulibeba. Kati ya bonde na kiwanja ilipita barabara kuu.

Jumamosi ile asubuhi tulijipanga na mabeseni, ndoo, magunia, hata karai moja la kuogeshea mtoto. Tulipanda kutoka bondeni mstari mmoja hadi ukingo wa lami, tukasimama. Magari yalipita bila mwanya. Bodaboda zilijipenyeza kila palipobaki nafasi. Mama Furaha, aliyekuwa wa kwanza, alishusha mguu mmoja na kuurudisha, akaushusha tena na kuurudisha.

Afande alitua ndoo yake. Alirekebisha mtandio. Akaingia barabarani.

Hakukimbia wala hakuangalia kushoto na kulia kama sisi wengine. Alitembea hadi katikati, akageuka, akainua mkono wa kulia, kiganja mbele. Alikuwa amevaa buti za mpira zenye matope na gauni la kushindia. Teksi ya mbele ikasimama. Nyuma yake lori likasimama, na nyuma ya lori vyote vikasimama. Dereva mmoja wa bodaboda alijaribu kupita pembeni. Afande alimtazama tu, na kijana akarudisha pikipiki nyuma kwa miguu, hatua kwa hatua, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mkubwa.

"Twende," Afande akasema bila kugeuza kichwa.

Tukavuka. Beseni baada ya beseni, watu wazima na vichwa vyao vimenyooka, mboji ikidondoka kidogo kidogo kwenye lami. Dereva wa teksi akatoa kichwa dirishani. "Mmebeba nini?" akauliza. "Maganda ya miaka sita," Fundi akamjibu, kwa fahari kana kwamba amebeba mahari.

Tulikuwa katika safari ya tatu au ya nne hivi nilipomwona askari kijana wa barabarani anakuja kwa haraka kutoka njia panda, msichana mwenye sare nyeupe safi, uso umekunjamana. Nilidhani tumekwisha. Alifika kwa Afande, akafungua mdomo. Sikusikia walichosemezana. Nilimwona tu Afande akiongea maneno machache, akionyesha juu, akionyesha chini. Yule msichana alitazama mstari wetu wote, mabeseni, wazee, mtoto wangu mgongoni. Halafu akaenda upande wa pili wa barabara, akauinua mkono wake mwenyewe. Kuanzia hapo tulivuka kati ya mikono miwili, mmoja wenye glavu nyeupe na mwingine wenye udongo hadi kwenye kiwiko, na hatukusimama tena mpaka lundo likaisha.

Kikapu cha kwanza cha kule juu kilikuwa na vitunguu sita vya majani na bilinganya moja. Ssenga alipata mbili. Nilikibeba nyumbani, mume wangu akakichungulia, akashukuru kwamba hakuna boga.

Afande aliondoka Kisugu bila sherehe. Magoti yalikuwa yamemsumbua kwa muda, na mdogo wake aliyeishi Luzira alimwita akakae naye. Alimweleza Mama Furaha siku ya Alhamisi mahali mbegu zilipo, na Jumamosi hakuwepo. Tuligombana mwezi mzima juu ya nani asimame katikati ya njia. Mwishowe tulikubali kufanya kwa zamu, na zamu yangu ilipofika niligundua kwamba ni vigumu sana kuweka mkono juu kwa muda mrefu.

Ilipita kama miaka miwili. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na asubuhi moja nilipeleka mzigo kwenye shule moja upande wa Port Bell. Nilipomaliza nilishuka hadi ziwani, kwa kuwa nilizaliwa ng'ambo ya ziwa hilohilo, upande wa Kenya, na siwezi kulisogelea bila kwenda kulitazama. Nilifika mahali zinapoondokea boti za mbao za kwenda visiwani. Pale hakuna gati ya abiria. Vijana wenye miili mikubwa huwabeba watu mgongoni kupitia maji ya kina kifupi na kuwapakia mmoja mmoja.

"Mkenya."

Alikuwa amekaa juu ya dumu lililopinduliwa, amezungukwa na makasha manne ya miche iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Alikuwa amepungua mwili. Alivaa jaketi la kuokolea lililokuwa dogo, na lilikuwa limefungwa hadi kidevuni ingawa alikuwa bado nchi kavu.

"Afande. Unakwenda wapi?"

"Kisiwani. Kuna wanawake kule nakula samaki asubuhi, mchana, jioni. Mboga inaletwa na boti, inafika imekufa. Wamesikia habari ya vikapu. Wananiita mara tatu sasa."

"Na hizo mara mbili za kwanza?"

Aliyatazama maji. "Nilifika hapa," akasema. "Nikarudi nyumbani."

Nikakaa chini kando yake, kwenye mchanga. Hakuniangalia.

"Mara ya kwanza nilidanganya kwamba nilikuwa mgonjwa. Mara ya pili nilisema miche imeoza. Ilikuwa mzuri kabisa, niligawa kwa majirani. Leo nimekaa hapa tangu saa moja. Boti mbili zimeondoka. Kila mara najiambia hii ijayo, na miguu inakataa."

Boti ya tatu ilikuwa inajaa. Nahodha alikuwa anaita. Nilimfikiria yule mwanamke katikati ya barabara, halafu nikaacha kumfikiria, kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alihitaji mtu. Nilipiga simu kwa Mama Furaha, nikamwomba awachukue watoto wangu shuleni na kulala nao. Hakuuliza kwa nini. Nikasimama, nikakung'uta sketi.

"Nilijifunza kuogelea kwenye ziwa hili kabla sijajua kusoma," nikamwambia. "Twende wote."

"Wewe una kazi."

"Simama, Afande."

Akasimama.

Miche ilitangulia. Mimi nilibebwa kwanza, ili anione nimefika. Kisha walikuja vijana wawili kwa ajili yake, wakashikana mikono wakatengeneza kiti, naye akakaa juu yake na macho amefumba, midomo inamtembea kwa dua. Walipompandisha botini alinikamata mkono wa juu kwa nguvu iliyoniachia alama kwa siku kadhaa. Nikamwambia asitazame maji, atazame kile kilima cha mbali, nacho hakitikisiki. Akatazama. Mashine ikaunguruma, tukaondoka.

Wimbi la kwanza lilitupiga ubavuni.

"Hii ni kawaida?" akauliza.

"Kawaida."

Likaja la pili. "Na hii?"

"Kawaida, Afande."

Aliuliza hivyo njia nzima, na kila mara nilimjibu, na kila mara alitikisa kichwa kidogo kana kwamba anaweka jibu mahali. Kile kilima kikawa na miti, miti ikawa na nyumba chini yake, na mbele ya nyumba, kwenye mchanga, tukaona watu wamesimama. Walikuwa wanawake kumi na tano au ishirini, mbalimbali kwa umri, kila mmoja na jembe begani. Walipoona makasha ya miche walianza kupiga vigelegele, na sauti zao zilitufikia juu ya maji kabla hatujaziona sura zao.

Afande akauachia mkono wangu. Akajifuta uso kwa kiganja, akaufungua mtandio wake uliolowa, akaufunga upya, kama siku ile kabla hajaingia barabarani.